Damu ya papa inachelewa kukauka baada ya dializi: fistula yake ina shida gani?

"Muganga, nakusalimu kutoka Kadutu. Papa yangu, baba mzazi, ana miaka 61, ni fundi cherehani. Figo zake ziliharibiwa na presha, na huu ni mwaka wa tano anafanya dializi, yaani kusafishwa damu kwa mashine. Alianzia Kigali, ndiko walikomtengenezea fistula kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Sasa anaendelea hapa Bukavu, mara mbili kwa wiki. Tangu mwaka jana mkono umetoa mafundo mawili makubwa kama mayai. Zamani wakitoa sindano damu ilikuwa inakauka upesi, sasa tunakaa karibu nusu saa tunabonyeza. Vidole vya mkono huo vinakuwa baridi. Kuna anayesema hayo ni kawaida ya fistula ya zamani. Jirani anasema ifungwe, arudishiwe mpira wa shingoni. Shangazi ametuletea mtu wa kuchua. Papa mwenyewe anakataa yote, anasema mashine ingali inafanya kazi. Tuogope au tusiogope?"

Dada yangu, nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye ile nusu saa ya kubonyeza. Mafundo yanaonekana na kila mtu, hata kijana wa moto, yaani pikipiki, anayemrudisha papa nyumbani anayaona, kwa hiyo ndiyo yanayozungumzwa. Dakika za kubonyeza hakuna anayezihesabu. Wewe umezihesabu, na pengine umeokoa mkono wa papa kwa kufanya hivyo. Nimekuwa muuguzi wa dializi kwa zaidi ya miaka kumi, nimechoma mikono mingi kama huo, na jibu langu fupi ni hili: papa anahitaji kupimwa mshipa wiki hii, wala asingoje mashine ianze kugoma. Sasa nikueleze kwa nini, ili na wewe uweze kumweleza.

Nianze na neno lenyewe, maana hapa Bukavu limewatesa wagonjwa wetu. Ukitamka fistula mjini kwetu, watu wanafikiria jeraha la akina mama walioumia katika uzazi au kwa kubakwa, lile ambalo Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, inalitibu hadi leo. Nimewahi kumwona mzee akikataa upasuaji wa mkono kwa sababu hakutaka watu wa mtaa wasikie kwamba ana "fistula". Neno ni moja kwa kuwa maana yake ni njia iliyo wazi kati ya sehemu mbili ambazo kwa kawaida hazikutani. Kwa wale mama njia hiyo ni jeraha. Kwa papa yako ilifunguliwa kwa makusudi: daktari alichukua ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo kwa nguvu, akaushona na vena, mshipa unaorudisha damu polepole.

Sababu ni mashine. Mashine ya dializi inataka damu kiasi cha mililita 300 kila dakika kwa saa nne. Vena ya kawaida ya mkono haina uwezo huo, na ateri imejificha ndani, ni hatari kuichoma kila mara. Ukiziunganisha, vena inapokea nguvu ya ateri, inapanuka, ukuta wake unakuwa mgumu, na baada ya wiki kadhaa inabeba mililita 600, hata lita moja na zaidi kwa dakika. Njia hii ilitangazwa mwaka 1966 na madaktari wa Bronx, New York, wakiwemo Brescia na Cimino pamoja na Appell aliyeshona mishipa yenyewe. Hadi leo haijapatikana njia ya kuingilia damu inayodumu kuliko fistula iliyokomaa vizuri. Fistula ya papa imefika mwaka wa tano. Ni mali, na inafaa kutunzwa kama mali.

Basi kwa nini damu haikauki? Wewe ni mtu wa Bukavu, umeona chupa za plastiki zinavyojikusanya mahali ziwa Kivu linapoingia mto Ruzizi, pale kwenye bwawa la umeme. Zikijaa, maji hayapiti, na umeme unakatika mjini. Ndani ya mshipa wa papa hakuna chupa, ila kuna kitu kinachofanana. Damu ikipita kwa kasi isiyo ya kawaida kwa miaka mingi, ukuta wa vena unajeruhiwa na kujitibu, unajeruhiwa tena na kujitibu, na kila mara unaota nyama kidogo kwa ndani. Mahali fulani mshipa unakuwa mwembamba. Damu inayotaka kurudi kwenye moyo inakwama hapo, na presha inapanda katika sehemu yote iliyo nyuma ya mbano, ambayo ndiyo sehemu tunayoichoma. Ukitoa sindano kwenye mshipa wenye presha ya namna hiyo, tundu halikubali kufunga. Mafundo nayo yanasukumwa na presha hiyohiyo. Kwa hiyo nusu saa ya kubonyeza na yale mayai mawili huenda ni habari moja, na chanzo chake kiko juu zaidi, mahali ambapo jicho halioni.

Kwa fistula iliyounganishwa kwenye kiwiko na kupanda mbele ya mkono, kama ninavyoielewa ya papa, mahali panapopenda kubana ni karibu na bega, chini ya mtulinga, pale mshipa unapopinda kuingia kifuani ili ukutane na vena kubwa. Kwa fistula za kwenye kifundo cha mkono ni tofauti: zenyewe hubana mara nyingi karibu na kovu la upasuaji, zinakosa damu ya kutosha, zinakuwa laini na dhaifu, na mashine inalalamika kwamba haivuti. Fistula ya papa ikiwa imebana juu, mashine itaendelea kuvuta vizuri kwa muda mrefu. Ndiyo maana anakwambia ingali inafanya kazi, na anasema kweli. Kuvuta kunaenda vizuri. Shida iko kwenye kurudisha, na hiyo inaandikwa kwenye kioo cha mashine kama presha ya vena. Mwombe muuguzi wa zamu akuonyeshe karatasi za miezi mitatu iliyopita. Kama namba hiyo imekuwa ikipanda pole pole kwa kasi ileile ya pampu, umepata ushahidi wa pili.

Ushahidi wa tatu mnaweza kuuchukua nyumbani leo jioni. Mwambie papa alale chali, mkono ukiwa kando yake, halafu auinue wima kuelekea dari. Damu inatakiwa ishuke kwenye moyo kama maji kwenye mtelemko, na mshipa ulegee, mafundo yawe mepesi. Kama mkono uko juu na mafundo bado yamesimama magumu, kuna kitu kinachozuia damu kushuka. Kisha weka vidole vyako vitatu taratibu juu ya mshipa, karibu na kovu. Fistula yenye afya inatetema mfululizo, bila kukatika, kama nyuki waliofungiwa ndani ya kibuyu. Fistula iliyobana juu inakupiga vidole: du, du, du, kwa kila pigo la moyo, na kati ya pigo na pigo ni kimya. Nimewafundisha watoto wa wagonjwa wangu kutofautisha hayo mawili. Wakizoea, wanaigundua shida mapema kuliko sisi, kwa sababu wao wanagusa kila siku na sisi tunagusa mara mbili kwa wiki.

Nisikufiche kwamba damu inaweza kuchelewa kwa sababu nyingine. Dawa ya heparini tunayoweka ili damu isigande ndani ya mashine inaweza kuwa nyingi kuliko uzito wa papa unavyotaka. Aspirini inachelewesha. Dializi isiyotosha pia inachelewesha, kwani sumu za figo zikizidi, chembe za kugandisha damu zinalegea, na seansi mbili kwa wiki ni chache. Tunazifanya kwa sababu ya pesa. Daktari ataangalia hayo. Lakini kama kipimo cha heparini hakijabadilika, na muda umerefuka mara tatu mfululizo kuliko ulivyokuwa kawaida ya papa, sisi tunaanza kutafuta mbano. Kwa wagonjwa wengi damu inasimama ndani ya dakika kumi hivi. Nusu saa siikubali kama uzee wa fistula.

Sasa mafundo, na hapa nina jambo la kukiri kwa niaba ya wenzangu. Papa ni fundi cherehani, kwa hiyo mwulize swali hili: ukipitisha sindano mahali pamoja kwenye kitambaa mara mia, kitambaa kinakuwaje? Atakwambia kinalegea, nyuzi zinaachana, kinatanuka. Mshipa ni hivyohivyo. Sindano mbili kila seansi, seansi mbili kwa wiki, zinapita matundu mia mbili kwa mwaka. Yakitawanywa kuanzia chini kwenda juu kama vidato vya ngazi, kila tundu linapata muda wa kupona na mshipa unapanuka sawasawa. Lakini muuguzi mwenye haraka, na mgonjwa anayesema "choma palepale, pale hapaumi", wanakubaliana kimya kimya kwenye sehemu mbili tu. Sehemu hizo zinakufa ganzi, ngozi inakuwa nyembamba, na ukuta unatoa fundo. Mara nyingi mafundo mawili maana yake ni mahali pawili palipochomwa kwa miaka: moja pa kutoa, moja pa kurudisha. Nimelifanya kosa hilo mimi mwenyewe nilipokuwa mgeni katika kazi. Papa ana haki ya kusema: hapa hapana, nenda sentimita mbili juu. Itauma zaidi kwa wiki kadhaa. Avumilie.

Kuna pia namna ya kuchoma tundu moja lilelile makusudi, kwa pembe ileile na mkono uleule wa muuguzi, hadi linatengeneza njia kama tundu la kifungo, kisha linatumiwa kwa sindano butu. Inawasaidia baadhi ya watu, ila inabeba hatari kubwa zaidi ya vijidudu kuingia kwenye damu, na inadai usafi na muuguzi asiyebadilika. Kwa zamu zetu zinavyobadilika, siishauri.

Ukubwa wa fundo peke yake haunitishi. Nimeona mafundo makubwa kuliko ya papa yaliyokaa miaka bila shida, yenye ngozi nene unayoweza kuifinya na kuiinua kwa vidole viwili. Ninachokiangalia ni ngozi hiyo. Simameni mlangoni penye mwanga wa mchana, utazame vizuri. Je, ngozi juu ya fundo inang'aa, imekuwa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu? Je, kuna kigaga cheusi kinachobanduka na kurudi, hakiponi kati ya seansi na seansi? Je, fundo limekua ndani ya wiki chache? Je, papa ameamka akakuta tone la damu kwenye shuka ingawa hakufanya dializi siku hiyo? Likiwepo hata moja kati ya hayo, usingoje siku ya dializi wala usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali leo, na mtu yeyote asichome sindano kwenye fundo hilo.

Nasema hivyo kwa ukali kwa sababu ya hesabu. Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Fistula ya juu ya kiwiko inabeba takribani lita moja kwa dakika. Ikipasuka nyumbani Kadutu usiku, moto haitafika kwa wakati wa kumwokoa. Vidole vyenu ndivyo vitakavyomwokoa. Kwa hiyo kila mtu wa nyumba, hadi mtoto mkubwa, ajue la kufanya. Bonyeza palepale damu inapotoka kwa vidole viwili, kwa nguvu, juu ya kitambaa kidogo kilichokunjwa. Mlaze chini, inua mkono juu, piga kelele ya msaada. Kifuniko cha chupa ya plastiki kikiwa karibu, unaweza kukiweka juu ya tundu, upande wenye shimo ukiangalia ngozi, na kukibonyeza. Usirundike mataulo: taulo kubwa linanyonya damu na kukuficha kinachoendelea huku tundu likiwa halijabonyezwa. Usiachie kila dakika kuchungulia kama imesimama. Bonyeza hadi mfike hospitali.

Vidole baridi. Fistula inachukua damu ambayo ingeenda kwenye mkono, na hilo linatokea zaidi kwa fistula za kiwiko, kwa wazee, na kwa wenye kisukari. Kwa wengi baridi inabaki baridi tu: papa avae glavu ya sufu, afungue na kufunga ngumi, na aendelee kushona. Kinachonihangaisha ni maumivu. Mkono ukiuma wakati wa dializi, ukiwa mweupe au wa bluu, ukipoteza nguvu, au kidonda kidogo kwenye ncha ya kidole kikikataa kupona, hapo fistula inaiba damu kupita kiasi na daktari wa upasuaji anatakiwa kuipunguza au kuipangia njia nyingine kabla vidole havijafa. Lakini nitakuomba umwulize papa kitu kimoja ambacho watu husahau. Je, ganzi inamshika usiku, kwenye kidole gumba na viwili vinavyofuata, hadi anaamka na kukung'uta mkono? Kama ndivyo, huenda ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Watu wa dializi wa miaka mingi wanaupata kwa sababu protini inayoitwa beta-2 mikroglobulini haisafishwi vizuri na mashine, inajikusanya kwenye viungo. Kwa fundi cherehani, kutofautisha hayo mawili ni kutofautisha kati ya kuendelea na kazi na kuiacha. Mwambieni daktari ganzi inakaa kwenye kidole kipi na inakuja saa ngapi.

Ushauri wa jirani ninauelewa. Mpira wa shingoni, ile kateta, unaonekana mwepesi: hakuna sindano, hakuna mafundo. Lakini ni mlango ulioachwa wazi kuelekea moyoni. Vijidudu vya ngozi vinapita humo, na hatari ya kuoza damu kwa mwenye kateta ni kubwa mara kadhaa kuliko kwa mwenye fistula. Tena kateta inakwaruza vena kubwa za kifuani, zinabana, na mbano wa huko unaweza kuharibu mkono mzima kwa fistula zijazo. Na hapa nina swali: alipoanza dializi Kigali, waliweka kateta upande gani? Kama ilikuwa kushoto, hasa chini ya mtulinga, na kama mkono mzima wa kushoto umevimba au ana mishipa mipya iliyochorwa kifuani na begani, mwambie daktari bila kukosa, kwa maana mbano unaweza kuwa ndani zaidi kuliko pale begani. Fistula inafungwa, ndiyo, lakini kwa sababu nzito: imeoza, inakaribia kupasuka na haitengenezeki, inaua vidole, au inauchosha moyo. Hili la mwisho nilipitie kwa haraka: fistula inayopitisha zaidi ya lita moja na nusu kwa dakika inaweza kuufanya moyo ushindwe, na dalili ni kukosa pumzi hata baada ya mashine kumtoa maji ya ziada vizuri. Papa akipanda mlima wa kwenu bila kusimama kila hatua kumi, sina shaka kubwa upande huo.

Mtu wa kuchua asiguse mkono huo. Nakuomba umweleze shangazi kwa heshima, kwa kuwa amekuja kwa mapenzi. Ndani ya mafundo ya zamani mara nyingi kuna damu iliyoganda imebandika ukutani; ukiichua, kipande kinaweza kubanduka na kuziba mbele, au ngozi iliyochoka ikapasuka mikononi mwake. Kuchanjwa kwa wembe na kupakwa dawa ndiyo hatari zaidi. Kijidudu kimoja cha ngozi kikipata njia ndani ya fistula kinasafiri hadi kwenye moyo. Wekundu, joto, usaha, homa ya kutetemeka wakati wa dializi: hayo ni ya siku hiyohiyo, na dawa yake ni antibiotiki za mshipa. Kinga yake ni ya bei ndogo, sabuni ya kawaida na maji, mkono wote uoshwe kabla ya kila seansi, na muuguzi naye aoshe yake.

Naogopa pia jambo ambalo hukuliuliza. Mshipa uliobana unaweza kuziba ghafla, na mara nyingi unaziba siku ambayo presha imeshuka. Kulikuwa na mgonjwa wetu, baba wa watoto sita, ambaye damu yake ilikuwa inachelewa kama ya papa yako. Tulimtoa maji mengi siku hiyo, akashuka kitandani akiwa na kizunguzungu. Akaogopa kuvuja damu kwenye moto, akaomba bandeji ikazwe vizuri. Ilikazwa. Alifika nyumbani amechoka, akalala nayo. Alfajiri mke wake aliweka kiganja kwenye mkono, kama alivyozoea, akakuta kimya. Walipotufikia siku ya tatu, mshipa ulikuwa mgumu kama kamba kutoka kiwiko hadi bega, na hatukuweza kuuokoa. Nilikuwa zamu siku ile, na bandeji ile inarudi akilini mwangu kila ninapofunga mkono wa mtu. Kwa hiyo: baada ya sindano, vidole viwili vibonyeze kiasi cha kuzuia damu huku bado unasikia mtetemo chini yake. Bandeji isizunguke mkono wote kwa nguvu, na iondolewe baada ya saa chache. Asilalie mkono huo, asipimwe presha hapo, asiukaze kwa saa ya mkononi, asitundike bidoni ya maji kwenye kiwiko. Akiharisha siku mbili, apigiwe simu muuguzi, kwa kuwa mwili ukikauka fistula inaweza kuganda. Na mtetemo ukipotea, saa zinahesabiwa: ndani ya siku moja au mbili bado kuna matumaini ya kuufungua mshipa.

Sasa kitakachofanyika. Anza na ekografi ya Dopla ya mkono wote, picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha damu inavyopita, kuanzia mahali pa kushonea hadi chini ya mtulinga. Haina sindano wala mionzi. Mwombeni anayepima asiishie kwenye mafundo, apande hadi begani, maana nimeona karatasi nyingi zinazoeleza mafundo kwa urefu na kusahau bega. Mbano ukipatikana na dalili zipo, dawa ya kwanza kwa kawaida ni puto: waya mwembamba unapitishwa ndani ya mshipa, puto linajazwa mahali palipobana, mshipa unatanuka, na mgonjwa anaweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kazi hiyo inahitaji chumba chenye mashine ya eksirei inayoonyesha mishipa na daktari aliyeizoea, kwa hiyo huenda mkaambiwa mvuke mpaka kurudi kule fistula ilikotengenezwa. Jua mapema kwamba mbano wa begani una tabia ya kurudi, na wengi wanahitaji puto tena ndani ya mwaka. Njia nyingine ni upasuaji: mshipa unakatwa kabla ya mbano na kuhamishiwa kwenye vena jirani iliyo nzima, na katika safari hiyohiyo fundo lenye ngozi mbaya linaweza kupunguzwa. Ni gharama, najua nyumba ya fundi cherehani inaishi vipi. Lakini kuitengeneza fistula iliyo hai ni rahisi kuliko kuanza upya na kateta, upasuaji mpya, na wiki za kungoja mshipa ukomae huku ukiomba kwamba utakomaa, maana wengi hawakomai mara ya kwanza.

Na mkono wa kulia uanze kulindwa kuanzia leo, kwa ajili ya siku ambayo wa kushoto utachoka. Popote papa atakapotibiwa, hata kwenye kituo kidogo cha afya kwa malaria, damu itolewe mgongoni mwa kiganja, dripu iwekwe hapohapo. Mishipa ya kati ya kifundo na kiwiko isiguswe.

Andika kwenye daftari, seansi kwa seansi: dakika za kubonyeza, presha kabla na baada, na presha ya vena kutoka kwenye mashine. Mkiwa na karatasi ya Dopla, tafuta namba mbili. Ya kwanza ni kiasi cha damu kwa dakika: ikiwa chini ya mililita 500, au imeshuka kwa robo kutoka kipimo cha zamani mlichopewa Kigali, papa asikae nyumbani kungoja. Ya pili ni upana wa mshipa chini ya mtulinga ukilinganishwa na sehemu nzima iliyo kabla yake: ukiwa umepungua kwa zaidi ya nusu, pamoja na nusu saa yenu ya kubonyeza, daktari ana sababu ya kutosha kuandika barua ya rufaa. Nitumie namba hizo, na unieleze kateta ya kwanza ilikuwa upande gani.